Kabla hujaingia wodi ya ugenini

Siku yangu ya tatu nikiwa mwanafunzi wa udaktari katika wodi ya magonjwa ya ndani ya hospitali ya ugenini, nilikabidhiwa majibu ya maabara ya mzee mmoja. Sukari ya damu: 90. Moyo ulinienda mbio. Kwa vipimo nilivyosomea mimi, mtu mwenye sukari ya 90 asingekuwa ameketi kitandani akisoma gazeti. Nikamkimbilia muuguzi wa zamu. Alitazama karatasi, akaniuliza taratibu, "Huko kwenu mnapima kwa kipimo gani?" Hospitali ile ilitumia miligramu kwa desilita, nami nilizoea milimoli kwa lita. Gawanya 90 kwa 18, unapata 5. Mzee alikuwa mzima kabisa kwa upande wa sukari.

Hakuna aliyedhurika, kwa sababu niliuliza kwanza. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Niliwaza ingekuwaje kama kosa lingekuwa la upande wa pili, na mimi nimenyamaza nisionekane mgeni.

Kwa hiyo mwenzangu unayejiandaa kwenda, anza na daftari dogo la mfukoni. Andika vipimo vya huko kando ya vya kwenu. Himoglobini ya gramu 12 kwa desilita ni gramu 120 kwa lita. Kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, ya miligramu 1 kwa desilita inakaribia mikromoli 88 kwa lita. Andika na majina ya dawa: adrenalini kwingine huitwa epinefrini, parasetamoli huitwa asetaminofeni, salbutamoli huitwa albuteroli. Angalia pia wanavyoandika desimali, maana kuna nchi zinazotumia mkato mahali pa nukta, na dozi ya 2,5 ikisomwa vibaya inakuwa 25. Ukitajiwa dozi kwa mdomo, irudie kwa sauti mpaka aliyekutajia akubali. Hakuna muuguzi makini atakayekuona mjinga kwa hilo.

Kuwasilisha mgonjwa kwenye raundi, madaktari wanapopita kitanda kwa kitanda, kulinitesa zaidi ya kitu kingine chochote. Lugha nilikuwa nayo, ila nilikuwa nasimulia kama hadithi, kuanzia utoto wa mgonjwa, na daktari bingwa anatazama saa. Kilichoniokoa ni mpangilio wa sehemu nne, uliotoka kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani ukaingia hospitalini: hali ilivyo sasa, historia inayohusika, unavyoiona wewe, na unachoomba kifanyike. Hiyo ya mwisho ndiyo wanafunzi tunaiogopa. Iseme hata kama huna hakika. Ukikosea utasahihishwa papo hapo, na utajifunza kuliko ungekaa kimya wiki nzima.

Jambo moja nalisema kwa uzito wote nilio nao. Wewe ni mwanafunzi. Jitambulishe hivyo kwa kila mgonjwa kabla ya kumgusa, na akikataa, mshukuru uondoke. Zitafika siku wodi imefurika, mtu aliyechoka akakwambia, "Nenda kamtoe yule maji ya uti wa mgongo." Kama hujawahi kufanya peke yako, jibu, "Sijawahi, naomba unisimamie." Mimi nilijibu hivyo mara mbili. Mara ya kwanza nilifokewa. Mara ya pili nilifundishwa, mkono kwa mkono, na somo lile ninalo hadi leo. Mgonjwa wa ugenini ana haki ileile ya mgonjwa wa nyumbani. Si mahali pa kujaribia ambacho kwenu usingeruhusiwa.

Makaratasi sitayazungumza sana, isipokuwa chanjo. Ya homa ya ini B kwa kawaida hutolewa dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Ukikumbuka wiki mbili kabla ya safari, umechelewa kuimaliza.

Na siku ya kwanza kabisa, kabla hujaulizia hata mahali pa kuweka mkoba, ulizia ukijichoma sindano unaripoti kwa nani, na usiku nako ni nani. Ikitokea, osha kwa maji na sabuni, usikamue, ripoti saa ileile. Dawa za kukinga VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, na zisipite saa 72. Usisubiri raundi iishe.