Je, Mimi ni Mwanafunzi wa Macho au wa Masikio?

SWALI: Shikamoo Bi Mshauri. Nimeanza mwaka wa kwanza wa uhasibu katika chuo kimoja hapa Mombasa. Wiki ya pili nilijaza hojaji kwenye simu, nikaambiwa kwamba mimi ni mtu wa kujifunza kwa macho. Tangu hapo nimeacha mijadala ya kikundi, na kila jioni nyumbani Likoni huyapaka maandishi ya daftari langu rangi ya manjano na kuyasoma mara nne. Jaribio la kwanza nimepata 11 kwa 30. Je, nimeukosea mtindo wangu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kilichokuponza ni kuiamini hojaji ile kupita kiasi. Hojaji za aina hiyo, ambazo mojawapo iliyo maarufu sana ni ya Neil Fleming wa New Zealand, hukuuliza unachopendelea, nawe ukajibu kwa ukweli. Lakini kuipenda njia na kufaidika nayo ni mambo mawili. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu huko Marekani walipitia tafiti zilizokuwapo, wasipate ushahidi wa kutosha kwamba mwanafunzi hufaulu zaidi akifundishwa kwa mtindo aliopangiwa. Mara nyingi somo lenyewe ndilo huamua: ramani hutazamwa, matamshi husikilizwa, na mizania, yaani hesabu inayolinganisha mali na madeni pamoja na mtaji, haikukai kichwani mpaka uiandike kwa mkono wako.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ile rangi ya manjano. Ukurasa ukisomwa mara ya nne huwa umezoeleka, nawe ukadhani umeuelewa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwalinganisha wanafunzi waliorudia kusoma na wale waliojaribu kukumbuka bila kutazama: baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndio walioongoza, lakini baada ya wiki moja waliojijaribu waliwapita kwa mbali. Waliopitia madrasa zetu wanaijua njia hii tangu utotoni, kwani mwalimu hakuridhika kukuona ukiitazama sura. Alikutaka uisome kwa ghaibu, na kesho yake akakurudisha kwenye ya juzi kabla ya kukupa mpya.

Basi leo jioni funga daftari, uchukue karatasi tupu, uandike mali upande mmoja na madeni pamoja na mtaji upande wa pili, kisha uipange miamala ya somo la jana bila kuchungulia. Pande mbili zisipolingana, utakuwa umepajua pa kusoma. Asubuhi ukiwa kwenye feri, kabla haijafika ng'ambo, jieleze kimoyomoyo ulichokosea, na baada ya siku tatu ukirudie tena. Kikundi nacho nakusihi ukirejee, kwa maana kumfafanulia mwenzio kwa nini deni unalomdai mteja huhesabiwa kuwa mali ya biashara ni mtihani mgumu kuliko wowote utakaojitungia peke yako. Kalamu ya manjano usiitupe; itie kwenye yale tu uliyoshindwa kuyakumbuka.