Dokta Anajibu: Kaka anarefuka tu, je ni ya ukoo?

SWALI: Dokta shikamoo. Kaka yangu ana miaka 19, toka form two anarefuka tu hasimami, saivi anavaa kiatu namba 48 na kukipata mtumbani ni mpaka uzunguke siku nzima. Kichwa kinamuuma kila siku, mwezi uliopita akapigwa MRI wakasema ana uvimbe kwenye tezi ya pituitari na unamwaga homoni ya ukuaji. Sasa marehemu baba mdogo naye alikuwa na mikono mikubwa hivohivo, pete yake ya ndoa ilibidi sonara aikate na msumeno maana ilishazama kwenye kidole. Mama anasema ni mkono wa mtu, shangazi anasema laana ya ukoo. Mi nna mtoto wa miaka 6, naye atapata? (Dada mtu, Morogoro)

JIBU: Marahaba dadangu, poleni. Hakuna mkono wa mtu hapo, ila shangazi kwenye neno ukoo anaweza kuwa kagusa kitu, laana tu ndo aiache.

Pituitari ni katezi kadogo kama harage, kamekaa chini ya ubongo nyuma ya pua. Uvimbe wake mara nyingi haurithiwi kabisa, ni hitilafu imetokea kwenye seli moja ya tezi yenyewe, mgonjwa hakuzaliwa nayo na wanae hawaipati. Za kifamilia ni kama 1 kati ya 20. Lakini kijana mdogo, homoni ya ukuaji, alafu na baba mdogo mwenye dalili zilezile? Hapo mi nafikiria jeni inaitwa AIP (nimesema jeni, siyo jini, mama asije akadai nimekubaliana naye).

AIP ni breki, inazuia seli zisikue ovyo. Kila mtu ana mbili, moja ya baba moja ya mama. Ukirithi moja mbovu bado unatembea vizuri tu kwa ile iliyobaki, ila siku nayo ikikatika kwenye seli moja ya pituitari basi ni kama lori limeachiwa kwenye mteremko wa Kitonga. Ndo maana wengi wanaoibeba hawaumwi, wanaopata uvimbe ni kama mmoja kati ya watano hivi, na kwa kawaida huanza kabla ya miaka 30. Hata baba yenu anaweza kuwa kaibeba na asijue maisha yake yote.

Kuna jamaa wa Ireland ya Kaskazini, Charles Byrne, alizaliwa 1761, urefu mita 2.31, watu London walikuwa wanalipa hela kumwangalia. Alikufa 1783 ana miaka 22, alitaka azikwe baharini lakini daktari John Hunter akauchukua mwili, mifupa ikawekwa makumbusho (imeondolewa kwenye maonyesho juzijuzi tu hapa, na kwa maoni yangu walichelewa sana). Mwaka 2011 wataalamu wakatangaza wamepima meno yake wakakuta AIP mbovu, ileile waliyonayo familia za leo za kulekule kwao, yaani babu mmoja wa zamani sana aliwaachia wote.

Sasa mtoto wako. Usianze naye. Anaanza kaka, damu yake ndo ipimwe jeni, siyo kila maabara inacho hicho kipimo kwahiyo muulizeni daktari wa homoni. Ikikutwa ndo unapima wewe, wewe usipokuwa nayo mtoto hawezi kuipata kutoka kwako, ukiwa nayo uwezekano wa kumpa ni nusu kwa nusu. Kwa sasa mpime urefu kila miezi 6, weka alama mlangoni na tarehe, akianza kuwaacha wenzake kwa kasi mpeleke.

Kaka asicheleweshwe, apimwe na macho maana uvimbe ukikua unabana mishipa ya kuonea, na operesheni yenyewe kwa kawaida wanapitia puani, hawapasui kichwa kama watu wanavyotishana.

Alafu mkienda bebeni picha za baba mdogo, ya ujana na ya miaka ya mwisho, daktari aone sura ilivyobadilika. Na ulizeni kama kuna mtu kwenu anasumbuliwa na mawe ya figo au kalsiamu kuwa juu, akiwepo mwambieni daktari, kuna jeni nyingine inaitwa MEN1, ikiharibika inaweza kuleta hayo pamoja na uvimbe wa pituitari, na atataka kuiangalia pia.