Maswali Yenu: Kwa Nini Si Mizinga Peke Yake?

SWALI: Assalam aleikum Mhariri. Kila nikija mjini Unguja huiangalia ile mizinga ya shaba ya Kireno ya Beit al-Ajaib. Wazungu walipopigana wao kwa wao karne ya 19, kwa nini hawakutumia mizinga tu wakaachana na farasi? Na askari wa miguu walikuwa wangapi kwa kila mpanda farasi? (Msomaji, Chake Chake)

JIBU: Waaleikum salaam. Chukua vita vya Waterloo, Ubelgiji, Juni 1815, Wafaransa wa Napoleon walipopigana na Waingereza na wenzao. Napoleon alikuwa na watu kama 72,000: wa miguu karibu 50,000, wapanda farasi wapatao 14,000, na mizinga kama 250. Yaani mpanda farasi mmoja kwa wa miguu wasiotimia wanne, na mizinga mitatu na ushei kwa kila watu elfu. Miaka mitatu nyuma, kule Borodino nchini Urusi, ilikaribia mizinga mitano kwa elfu. Wingi huo ulikuwa na sababu: askari wake wakongwe walikuwa wanakwisha, na vijana wasiofunzwa vizuri hawasimami imara bila ya mizinga mingi nyuma yao.

Lakini mzinga una gharama yake. Ule wa Waingereza wa kurusha tufe la ratili tisa ulikokotwa na farasi 8, bila ya kuhesabu farasi wa magari ya baruti, na kila farasi anataka kilo kadhaa za nafaka na nyasi kavu kwa siku. Mvua ikinyesha, magurudumu huzama, na tufe la chuma linazama topeni badala ya kudunda mpaka safu ya nyuma.

Farasi sasa. Askari wa miguu mwenye gobole hupiga mara mbili au tatu kwa dakika, na shabaha yake ni ya mita 100 hivi. Farasi mbioni huzimaliza hizo kwa sekunde 15, basi askari ana risasi moja tu. Ndiyo maana wakiona farasi hujipanga mraba, singe zimeelekea nje pande zote nne, na farasi hakubali kujitupa juu ya vyuma. Ila mraba ni watu waliosongamana: tufe moja laangusha wengi, na kopo la marisau kwa karibu ni balaa zaidi. Farasi wanamlazimisha adui asongamane, mzinga unavuna.

Hapo ndipo Ney, jemadari wa Napoleon, alipokosea jioni ile ya Waterloo. Alirusha maelfu ya wapanda farasi karibu peke yao. Wapiga mizinga wa Wellington, jemadari wa Waingereza, waliiacha mizinga yao wakakimbilia ndani ya miraba. Farasi walipogeuka, wapiga mizinga wakarudi wakaendelea kupiga. Watu husifu ushujaa wa mbio zile. Sisi tunauliza misumari ya wapanda farasi hao ilikuwa wapi: msumari mmoja tunduni mwa kuwashia baruti, nyundo mara chache, mzinga umekufa.

Kisha zikaja bunduki za mifuo, yaani zenye mitaro ndani ya mtutu, zinazofika mita mamia. Kule Mars-la-Tour, Ufaransa, Agosti 1870, wapanda farasi wa Prussia wapatao 800 chini ya von Bredow walifika kwenye mizinga ya Wafaransa, na karibu nusu yao hawakurudi wazima.

SWALI: Na majeshi ya farasi huku kwetu? (Huyo huyo)

JIBU: Jeshi ambalo Mwingereza Lloyd Mathews alimuundia Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, kuanzia 1877 lilitegemea askari wa miguu. Bara, mbung'o huua farasi kwa maradhi wanayowaambukiza, na Unguja yenyewe mbung'o walikuwepo mpaka miaka ya 1990.