Maswali yenu: Majumba ya wafalme wa Sweden, na marumaru ya kuchora

Wiki hii naona mmeamua kunipeleka baridini. Haya twende.

Dada, huyu mfalme wa Sweden anakaa wapi hasa? Stockholm kuna jumba kubwa ila nasikia halali pale.

Halali kweli. Lile la mjini ni la ofisi na sherehe, familia ilihamia Drottningholm mwaka 1981, kisiwani nje kidogo ya mji. La mjini lina vyumba zaidi ya 600 na historia yake inatisha bwana, maana hapo zamani palikuwa na ngome inaitwa Tre Kronor, ikaungua tarehe 7 Mei 1697 wakati mfalme Karl XI amefariki mwezi uliotangulia na mwili bado umo ndani haujazikwa, ikabidi watu wakimbie na maiti ya mfalme katikati ya moto. Msanifu Nicodemus Tessin mdogo akachora jipya, akafa 1728 halijaisha, wenyewe wakahamia 1754. Hesabu miaka 57 hapo kisha ndo umseme fundi wako.

Zile nguzo za marumaru ndani ni za kweli?

Zipo za kweli, ila nyingi ni mbao na plasta zilizopakwa rangi kwa ustadi mpaka unadanganyika. Nenda ule ukumbi wa maigizo wa Drottningholm wa 1766, msanifu Adelcrantz alipewa hela kidogo, basi akatumia mbao, plasta na karatasi iliyopondwa ikafinyangwa kama mapambo ya kuchonga, juu rangi. Ukikaa kwenye benchi unaona fahari tupu, ukisogea karibu unaona brashi ilipopita. Mimi hapo ndo nilipowapenda hawa watu. Halafu mfalme Gustav III akapigwa risasi kwenye dansi ya vinyago Machi 1792 akafa, ukumbi ukafungwa ukageuka kama stoo, mwaka 1921 mtu anaingia anakuta mapazia na mitambo ya mbao ya kubadilisha mandhari bado ipo. Inafanya kazi hadi leo.

Mbona fanicha zao nyeupe na kijivu, kama hazijamaliziwa?

Ndo staili ya huyo huyo Gustav III. Alitembelea Italia 1783 mpaka 1784 akarudi kichwa kimejaa Roma na ule mji wa kale wa Pompeii, Louis Masreliez akampambia lile jumba dogo la Haga. Matajiri wengine wakaiga kwa mbao za kwao, na rangi ya kijivu cha lulu inaficha mti wa bei ndogo vizuri sana. Pia fikiria Desemba kule, saa tisa alasiri giza limeshaingia na umeme hakuna, unahitaji kila kitu kirudishe mwanga: kuta nyeupe, vioo, mishumaa imewekwa mbele ya kioo ili mmoja uonekane miwili. Ukipaka ukuta maroon umejizika.

Walikuwa hawagandi humo ndani?

Walikuwa wanaganda tena sana, moto wa kawaida joto lote linapanda na dohani. Na kuni nazo zikawa tatizo, ndo mwaka 1767 mabwana wawili, Cronstedt na Wrede, wakatoa aina mpya ya jiko la vigae linaloitwa kakelugn, refu karibu lifike dari, nje vigae vya maua, ndani moshi unazungushwa juu chini juu chini kwenye njia tano kabla ya kutoka. Unawasha kuni kidogo asubuhi, vigae vinabaki na joto masaa na masaa. Kwangu hii inazidi mapambo yote niliyoyataja.

Ile nyumba ya Kichina pale bustani ya Drottningholm imefikaje?

Zawadi ya bethdei. Mwaka 1753 mfalme Adolf Fredrik alimjengea mkewe Lovisa Ulrika kwa siri, na mtoto wao Gustav, ndo huyo Gustav III, akiwa na miaka 7 akavalishwa kama mwanamfalme wa Kichina amkabidhi mama yake ufunguo. Ya kwanza ya mbao ikaoza, hii ya sasa ni ya miaka ya 1760.

Hela zote hizo walitoa wapi?

Nyingine vitani, tuseme ukweli. Jenerali Carl Gustaf Wrangel alianza kujenga jumba lake la Skokloster 1654, mle mna mchoro wa Mwitaliano Arcimboldo wa kaizari Rudolf II kachorwa kwa matunda na mboga, pua yake ni peasi, huo uliporwa Prague na jeshi la Sweden 1648. Wrangel akafa 1676, mafundi wakaacha kazi palepale. Ukumbi wa karamu haujaisha mpaka leo, matofali yako wazi, dari haina plasta, na vifaa vyao vya kazi vipo.