Giboni Hula Nini Matunda Yanapoadimika? Majibu kwa Wasomaji

Safu iliyopita ilieleza namna giboni wanavyoimba alfajiri katika misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, lakini wengi walioandika baada ya hapo hawakuuliza juu ya nyimbo bali juu ya chakula. Kwa aliyeikosa: giboni ni jamaa wadogo wa sokwe, hawana mkia, wana aina zipatazo 20, na wanaishi kuanzia kaskazini-mashariki mwa India hadi kisiwa cha Java, karibu maisha yao yote wakiwa juu ya miti. Nimechagua maswali yanayogusa misimu, kwa sababu naamini mnyama huyu hafahamiki vyema mpaka aonekane katika miezi ya uhaba.

Je, giboni hula matunda peke yake, au ni kama ngedere anayekula kila anachokikuta? (Msomaji, Morogoro)

Matunda ndiyo chakula chake kikuu, lakini si chakula chake pekee, na hata katika matunda yenyewe ni mchaguzi sana. Giboni wa mikono myeupe wa Hifadhi ya Taifa ya Khao Yai nchini Thailand, ambao wamefuatiliwa na watafiti kwa miongo kadhaa, hutumia takriban theluthi mbili ya muda wao wa kula wakiwa kwenye matunda. Muda uliobaki huenda kwenye majani machanga, wadudu na, kwa kiasi kidogo, maua. Hutafuta tunda lililoiva, lenye nyama laini na maji mengi, na kwa kuwa macho yao hutofautisha nyekundu na kijani kama yetu, wanaweza kuliona tunda lililobadilika rangi katikati ya majani na kuyaacha mabichi yapate muda wa kuiva. Mikono yao mirefu huwawezesha kuning'inia kwenye ncha za matawi membamba, mahali ambapo mnyama mzito zaidi angeogopa kufika, na hapo ndipo matunda mengi yanapokaa.

Tofauti baina ya aina na aina ni kubwa. Siamangi wa Sumatra na Malaysia, ambaye uzito wake ni karibu mara mbili ya ule wa giboni wa mikono myeupe, hula majani mengi zaidi kuliko jirani yake huyo hata wanapoishi katika msitu mmoja. Kinyume chake, giboni wa visiwa vya Mentawai, magharibi mwa Sumatra, karibu hagusi majani kabisa, na hujazia matunda yake kwa wadudu na buibui.

Matunda yakiisha, kwa nini wasihame kama nyumbu wanavyofuata malisho? (Msomaji, Arusha)

Kwa sababu hawana pa kwenda. Kila familia ya giboni huishi katika eneo lake, ambalo huko Khao Yai ni hekta 20 hadi 30 hivi, na kila upande wa eneo hilo kuna familia nyingine inayolinda mipaka yake kwa nyimbo na, inapobidi, kwa kufukuzana. Hivyo mwaka mzima wenye neema na njaa zake lazima upatikane ndani ya kipande kile kile cha msitu, na kinachobadilika ni mwenendo wa siku.

Msitu wa Khao Yai hupata mvua kuanzia Mei hadi Oktoba, kisha huingia miezi ya baridi na ukavu. Matunda yanapokuwa tele, giboni hutembea zaidi, hupita miti mingi kwa siku moja, na huweza kumudu kukiacha kilicho cha kawaida ili wakifuate kilicho kitamu. Matunda yanapoadimika katika miezi ya baridi, mtu angetazamia kwamba wangehangaika huku na huko wakitafuta, lakini wao hupunguza mwendo, hula zaidi majani machanga na matunda ya jamii ya mikuyu, kisha huenda kulala mapema, wakati mwingine saa kadhaa kabla ya jua kuzama. Mimi nauona mwenendo huo kuwa wa busara kabisa, kwani safari ndefu inayoishia kwenye mti usio na kitu ingewagharimu nguvu ambayo majani hayawezi kuirudisha.

Kila ninachosoma kuhusu giboni kinataja mikuyu. Ina nini cha pekee? (Msomaji, Tanga)

Swali hili ndilo kiini cha jambo lote, na namwomba msomaji anivumilie nikilijibu kwa urefu.

Miti mingi ya msituni huzaa kwa msimu: aina moja ikichanua, karibu miti yote ya aina hiyo huchanua pamoja, huzaa pamoja, na humaliza pamoja. Jamii ya mikuyu, yenye mamia ya aina katika Asia na ambayo sisi tunaijua kwa jamaa zake wanaoota kando ya mito yetu, haifuati kalenda hiyo. Maua yake yamefichwa ndani ya kile tunachokiita tunda, na huchavushwa na nyigu wadogo mno ambao nao huzaliana humo humo. Nyigu hao huishi kwa muda mfupi sana, kwa hiyo ili wasitoweke ni lazima pawe na mkuyu fulani mahali fulani ulio tayari kuwapokea wakati wote. Matokeo yake ni kwamba mkuyu mmoja unaweza kuzaa Januari na wa pili, ulio karibu nao, ukazaa Juni, na msitu wenye mikuyu ya kutosha haukosi makuyu kwa muda mrefu.

Jambo hili lina uzito wa pekee huko Borneo. Miti mikubwa ya misitu ya huko huzaa kwa wingi wa ajabu mara moja baada ya miaka kadhaa, mara nyingi pamoja na hali ya El Niño, na aina nyingine nyingi huzaa katika kipindi hicho hicho. Baada ya hapo yaweza kufuata miezi mingi ya ukame wa matunda. Katika Hifadhi ya Gunung Palung, watafiti Andrew Marshall na Mark Leighton walilinganisha aina mbalimbali za msitu, na mwaka 2006 walichapisha hoja kwamba idadi ya giboni ambayo msitu unaweza kuilisha inahusiana na upatikanaji wa makuyu katika vipindi vya uhaba. Karamu ya muda mfupi, hata iwe kubwa namna gani, haiongezi familia ambazo zitakosa chakula baadaye.

Mbega wetu hula majani na kunawiri. Giboni anashindwa nini? (Msomaji, Zanzibar)

Anashindwa na tumbo. Mbega ana tumbo lenye vyumba, ambamo bakteria huvunja nyuzinyuzi za majani kabla chakula hakijaendelea mbele. Giboni ana tumbo la kawaida kama letu, na uchachukaji wa majani hutokea baadaye, katika utumbo mpana, ambako faida yake ni ndogo. Kwa hiyo huchagua majani machanga, yenye protini zaidi na nyuzinyuzi chache, na huyaacha yaliyokomaa.

Nimesikia kuna giboni wanaoishi kwenye baridi kali na hata kula nyama. Ni kweli? (Msomaji, Nairobi)

Ni kweli. Katika milima ya Wuliang, mkoa wa Yunnan nchini China, giboni weusi wenye kishungi huishi kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,900, ambako miezi ya ukavu ina baridi na matunda ni haba. Wakati huo majani na machipukizi ndiyo yanayowabeba. Watafiti wamewaona pia wakiwala kindi wakubwa warukao, mayai na makinda ya ndege. Hata hivyo, nyama haijawa mlo wao wa kawaida.

Je, hushuka chini kunywa maji? (Msomaji, Bujumbura)

Kwa kawaida hapana. Maji mengi huyapata ndani ya matunda na majani, na wanapohitaji zaidi hutumbukiza mkono kwenye shimo la mti lililojaa maji ya mvua, kisha hulamba manyoya yaliyolowa.

Giboni huufaidia nini msitu unaowalisha? (Msomaji, Pemba)

Huupanda. Matunda mengi huyameza pamoja na mbegu, na mbegu hizo hutoka zikiwa nzima, mara nyingi mamia ya mita kutoka kwenye mti mama. Wasomaji wa Pemba na Unguja watafurahi kujua kwamba miongoni mwa matunda wanayoyala na kuyasambaza huko Khao Yai kuna jamaa wa porini wa shokishoki. Hondohondo na wanyama wengine nao husambaza mbegu, lakini kila mmoja ana ukubwa wa tunda unaomfaa na mahali anapopenda kukaa, hivyo giboni akiondolewa, kazi yake haichukuliwi yote na waliobaki.

Tufanye nini ili wasife njaa? Wapelekewe ndizi? (Msomaji, Muscat)

Nia ni njema, lakini ndizi za dukani zina sukari nyingi kuliko matunda mengi ya porini, na mnyama aliyezoea mkono wa mtu huwa rahisi kukamatwa. Kinachowasaidia ni miti. Katika kisiwa cha Hainan, China, ambako giboni wa huko walipungua hadi wasifike hata kumi na leo bado hawafiki 50, wahifadhi wamepanda katika msitu wa Bawangling maelfu ya miche ya miti ambayo giboni huila. Mche huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa, kwa hiyo mimi ningetanguliza ulinzi wa mikuyu mikubwa ambayo bado imesimama. Mbao zake hazina thamani sokoni, na mara nyingi mikuyu huangushwa tu kwa sababu imeuzunguka au imeupandia mti jirani unaotakiwa na wapasua mbao.