Umekwama kwenye fumbo la samaki? Anza na "changu"

Dada yangu, umesema wiki nzima unahangaika na fumbo la maneno lenye majibu ya samaki watupu, na dokezo "Si chako, tena kina magamba (6)" limekushinda. Jibu ni changu, herufi sita kama mabano yanavyodai. Neno moja, maana mbili.

Waingereza wanacheza mtindo huu tangu miaka ya 1920: upande mmoja wa dokezo ni maana ya wazi, upande wa pili ni hila. Kwa hiyo usilisome kama sentensi, likate. "Ngurumo bila mwisho yapikwa kwa nazi (5)": toa mo, ubaki na nguru. Hila ya kugeuza silabi tunayo hata kwenye kinyume, ule mchezo wetu wa kupindua maneno; lima huwa mali.

Na usikae nalo peke yako chumbani. Mimi langu hulipeleka barazani, Mji wa Kale, baada ya Alasiri. Juzi nilisoma dokezo lenye neno "utasikia", na kabla sijamaliza mzee mmoja mvuvi akasema, "Tasi huyo!" Kweli, alijificha katikati: u-tasi-kia. Mzee kanuni za fumbo hazijui, ila samaki anawajua.

Yale madokezo mawili uliyobakiza, niandikie herufi ulizokwisha pata. Sitakutajia jibu, nitakuonyesha pa kukata.