Fundi Anajibu: Diski Mpya, Pedeli Bado Inazama

*Nina Mustang ya 1966. Nimeondoa drami za mbele na kufunga diski, nyuma nimeacha drami zake. Nimetoa upepo mara nne, mafuta ya breki yamekwisha chupa nzima, na pedeli bado inazama karibu na sakafu. Hakuna panapovuja. Je, masta silinda ni mbovu?*

Usinunue masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki unapokanyaga pedeli) nyingine kwanza. Piga magoti upande wa gurudumu, utazame nipeli ya kutolea upepo kwenye kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski. Inapaswa kuwa juu kabisa. Ikiwa inatazama chini, kalipa ya kulia imefungwa kushoto na ya kushoto kulia. Bolti hazitakuambia, maana mara nyingi zinaingia pande zote mbili bila ubishi. Upepo hukaa juu ya kalipa, nipeli iko chini, basi hata ukimwaga ndoo nzima yatatoka mafuta tu. Zibadilishane, weka washa mpya za shaba kwenye hosi (za zamani zikishabanwa hazizibi tena vizuri), kisha zungusha usukani hadi mwisho kila upande uone hosi haijipindi wala haigusi tairi.

Kama nipeli ziko juu, nenda nyuma. Ajasta za drami (virekebishi vya nafasi) zikilegea, shuu, yaani vibao vinavyobana drami, husafiri mbali kabla ya kugusa, na safari hiyo yote inalipwa na pedeli. Kaza ajasta mpaka usikie mkwaruzo mdogo gurudumu likizunguka kwa mkono. Kipimo chepesi: pampu pedeli haraka mara mbili. Ikipanda na kuwa ngumu, tatizo ni ajasta. Ikipanda lakini inabonyea kama sponji, bado kuna upepo.

Sasa masta silinda yenyewe. Hukusema kama umeibadilisha. Mustang ya mwaka wako ilitoka kiwandani na ya chumba kimoja. Ya vyumba viwili ilikuja na modeli ya 1967. Chumba kimoja maana yake hosi moja ikipasuka, magurudumu yote manne hayana breki. Hiyo itoke, hata kama ni nzima. Bila busta (kisaidizi kinachotumia mvuto wa hewa wa injini, yaani vakyumu, kupunguzia mguu kazi), chagua kipenyo cha inchi 15/16 au 1. Kipenyo kikubwa husukuma mafuta mengi na pedeli huwa fupi, ila mguu unafanya kazi zaidi. Kushuka kutoka inchi 1 hadi 15/16 kunaongeza shinikizo kama asilimia 14 kwa nguvu ileile ya mguu, na pedeli inasafiri zaidi kidogo. Itoe upepo ikiwa mezani, imebanwa kwenye jiriwa, kabla ya kuifunga garini.

Angalia pia kivalvu kidogo kinachobakiza shinikizo. Masta silinda za drami nyingi zina kimoja cha takriban psi 10 (pauni kwa inchi ya mraba) ndani ya tundu la kutokea. Kwa drami ni sawa, kwa diski kinaacha pedi zimeng'ang'ania, na baada ya safari fupi rimu inachoma mkono. Kitoe kwenye laini ya mbele. Kile cha psi 2 kinahitajika pale masta silinda inapokaa chini kuliko kalipa, na yako haiko hivyo.

Mwisho, valvu ya kupunguza shinikizo kwenye laini ya nyuma. Ijaribu mahali patupu: magurudumu ya nyuma yakijifunga kabla ya mbele, punguza zaidi. Gari linalofunga nyuma kwanza linageuka lenyewe.

*Camaro ya 1969, busta mpya, kamshafti kali. Injini ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta, pedeli inakuwa ngumu kama gogo.*

Busta yako ina njaa. Inataka vakyumu ya takriban inchi 18 za zebaki, na kamshafti kali (shafti inayofungua valvu za injini, iliyochongwa kwa ajili ya nguvu) inaweza kutoa 10 tu. Funga geji upime kabla ya kulaumu chochote. Tangi la akiba linakupa mikanyago michache, basi. Pampu ya umeme inasaidia zaidi. Hidrobusta, inayotumia nguvu ya pampu ya usukani, ndiyo dawa kamili, ila mabomba yake ni mengi. Wengine huondoa busta kabisa, na hilo si wazo baya kwa gari jepesi la barabarani, mradi ukumbuke tundu la pedeli. Mkono wa pedeli hiyo una matundu mawili: la juu, karibu na ekseli ya pedeli, ni la gari lisilo na busta, la chini ni la busta. Ukiondoa busta ukaacha fimbo tundu la chini, utakanyaga kwa miguu yote miwili.

*Chevelle ya 1970. Bushi zote mpya, shokomzoba mpya, bado gari linayumba barabara kuu na bushi moja ya mpira imeshachanika.*

Bushi za mpira hazikazwi gari likiwa juu ya stendi. Mpira umeshikwa ndani na nje; ukikaza magurudumu yananing'inia, gari likishuka mpira unabaki umejikamua muda wote, ndiyo unachanika. Legeza, shusha gari kwenye magurudumu, libonyeze mara kadhaa, ndipo ukaze.

Kuyumba ni alaimenti, yaani pembe za magurudumu. Namba za kitabu cha zamani ziliandikwa kwa matairi ya kabla ya rediali, kasta (mlalo wa mhimili wa kugeuzia gurudumu kwenda mbele au nyuma) ikiwa karibu na sifuri. Mwambie fundi aweke kemba (mlalo wa tairi kwenda ndani au nje) hasi nusu digrii, kasta chanya 3 hadi 5 kama usukani ni wa pawa, na matairi ya mbele yaelekeane kwa inchi 1/16 hadi 1/8. Shimu (vibati vyembamba vya kurekebishia) ziko kwenye shafti ya wishboni ya juu, mkono unaoshika gurudumu: kuongeza shimu kwenye bolti zote mbili kunalaza tairi ndani, kuongeza kwenye ile ya nyuma pekee kunaongeza kasta. Zikirundikana hadi nati haishiki nyuzi zote, acha. Nunua wishboni za juu zilizotengenezwa na kasta ndani yake.

*Naweza kushusha gari kwa kuchoma springi kwa gesi?*

Hapana. Moto unaua ugumu wa chuma na springi hulala, kila upande kwa kiasi chake. Ukilazimika kukata, tumia diski ya kukatia, nusu mzunguko kwa mara moja, pande zote sawa, na ujue springi iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi. Springi zenye ncha iliyopindwa kama mkia wa nguruwe hazikatwi upande huo.